Waya wa Zambarau: Shajara ya Nyamilangano

Jumatatu

Sipiyu imegoma asubuhi. Nikibonyeza kitufe, taa ya mbele inawaka, feni inaanza kuzunguka, kisha kila kitu kinazima kabla monita haijaonyesha herufi hata moja. Nikibonyeza tena, hivyo hivyo. Nje ya steshenari wamekaa wazazi wanaotaka fomu za kujiunga na kidato cha tano. Majina ya waliochaguliwa yametoka, watoto wanatakiwa shuleni mwanzoni mwa Julai, na fomu ya kila shule ina kurasa nyingi: mahitaji, sheria za shule, karatasi ya mganga, karatasi ya mzazi. Kwenye simu ndogo fomu inasomeka kwa shida, na mganga hasaini simu.

Baba mmoja ametoka Ulowa kwa bodaboda tangu alfajiri. Binti yake amepangiwa shule ya Songea. Nilimweleza kwamba mashine haijawaka. Akasema, "Nitasubiri, mwanangu. Mimi ni mkulima wa tumbaku, nimezoea kukaa na moto usiotaka kushika." Akakaa kwenye benchi na mwamvuli wake.

Ilipofika saa tatu na nusu mashine ikawaka yenyewe kwa kubonyezwa mara moja, kama haikuwa na tatizo. Nikachapa mpaka jioni. Saa nane umeme ulikatika na kurudi, nikabonyeza, ikawaka papo hapo.

Naliandika hili kwa sababu ni ushahidi: asubuhi haiwaki, mchana inawaka. Chombo kilichokufa hakichagui saa.

Jumanne

Leo nimeanza nje na kwenda ndani, kama nilivyofundishwa: ukutani kwanza, mashine baadaye. Salio la umeme wa LUKU lipo. Soketi ina umeme, chaja ya simu inachaji. Fyuzi ya plagi, ile ya ampea 13, ni nzima. Ekstensheni nimeibadilisha nikaweka ya mashine ya kopi. Sipiyu imeendelea kugoma.

Nilitaka kupima volti, lakini betri ya mita ilikuwa imekwisha. Ni ile ya mraba ya volti 9, na madukani hapa haikuwepo. Niliiazima kutoka kwenye kipaza sauti cha kwaya. Mwenyekiti wa kwaya aliniandikisha kwenye daftari kwamba nitairudisha kabla ya mazoezi ya saa kumi na moja, akataka na saini yangu. Nilisaini.

Asubuhi mita ilisoma volti 231. Kiwango chetu nchini ni 230, kwa hiyo umeme wa asubuhi ni mzuri kabisa, na ndio mashine inaoukataa. Saa kumi jioni, mashine ya kusaga na ile ya kukoboa mpunga zote zikiwa zinanguruma, nilipima tena nikapata 196. Kwa umeme huo mbovu sipiyu ilikuwa inafanya kazi bila kutetereka.

Majirani wote wameshaamua kwamba tatizo ni umeme mdogo na kwamba ninunue stabilaiza. Stabilaiza ni kitu kizuri, na nikipata fedha nitanunua, maana 196 si volti za kulelea mashine. Ila haitaponya ugonjwa huu. Ugonjwa unakuja wakati umeme ukiwa mwingi na unapona wakati umeme ukiwa haba. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akashauri niisukume kwanza, kama pikipiki yenye betri chovu.

Betri ya kwaya imerudi kwa wakati. Saini yangu imefutwa mbele yangu.

Jumatano

Nimefungua kasha. Vumbi jekundu la barabara limejaa mpaka kwenye mapezi ya kupozea, na chini ya hadi diski panya alikuwa amejenga kiota cha pamba. Pamba yenyewe ni ya kwetu, yenye mbegu ndani. Sijui ameivuta kutoka ghala gani. Panya hakuwepo. Mkojo wake ulikuwepo, umekauka kwenye kona ya madabodi mbali na saketi yoyote, nikaufuta kwa spiriti na mswaki.

Nilipeleka kasha kwa fundi wa matairi ili apulize kwa kompresa. Kwanza nilimwomba afungulie upepo hewani, na kweli bomba likatema maji. Maji yale yangeingia kwenye madabodi, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Nilizuia feni kwa njiti ya mshikaki wakati anapuliza, maana feni ikizungushwa kwa nguvu inageuka jenereta ndogo na kurudisha umeme mahali usipotakiwa. Vumbi lilitoka wingu zima likatua kwenye nguo za mama aliyekuwa anapita na ndoo. Nikamwomba radhi. Akauliza ndani ya boksi lile mnapikwa nini.

Baada ya usafi mashine haikuwaka.

Kilichofuata ni kitufe. Kitufe cha mbele hubonyezwa miaka na miaka, na springi yake huchoka. Nyuma yake kuna nyaya mbili nyembamba zinazoishia kwenye pini mbili za madabodi. Nilizichomoa, nikagusanisha pini hizo kwa ncha ya bisibisi, kugusa na kuachia. Kitufe hakina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Feni ikazunguka kidogo na kuzima, vile vile. Kwa hiyo kitufe hakina hatia, nimekirudisha.

Kisha ramu. Nilizichomoa nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, taratibu, upande mmoja tu wa kwenda, bila kurudi. Mteja mmoja, mchimbaji kutoka Mwabomba aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaona meno yanang'aa akasogea.

"Dada, hiyo si dhahabu?"

Ni dhahabu. Hupakwa pale kwa sababu haishiki kutu, na kutu kidogo tu huzuia umeme mdogo unaopita hapo. Nilimweleza kwamba ni utando mwembamba kuliko unywele, na kwamba kujaza kijiko kungehitaji ramu za wilaya nzima. Akaigeuza kwenye mwanga, akaikadiria kwa jicho kama wafanyavyo kwenye soko la madini, akanirudishia kwa mikono miwili. Katika mkanda huu wa Kahama na Geita mtu hashiki dhahabu kizembe hata kama ni ya kompyuta.

Ramu zimerudi. Nimeondoa hadi diski, nimeondoa na kisoma sidii, nimebakiza mashine tupu. Inagoma ikiwa tupu kama ilivyogoma ikiwa imebeba. Saa nne ikawaka.

Alhamisi

Mashine iliwaka saa nne lakini tovuti ya fomu imekataa kufunguka. Imeandika kwamba muunganisho si salama. Wazazi wakadhani fomu zimefungwa, mama mmoja akaanza kulia kimya kimya. Nilitazama saa ya kompyuta pembeni: 1 Januari 2009.

Jibu lilikuwa hapo. Tovuti zenye kufuli huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini iko mwaka 2009 huona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijazaliwa. Nilirekebisha tarehe kwa mkono, ukurasa ukafunguka, mama akapata fomu ya mwanawe. Sababu ya tarehe kupotea ni betri ya sarafu iliyo kwenye madabodi, CR2032. Kwa kawaida husoma volti 3 au zaidi kidogo. Mita yangu imekwisha kupata betri yake yenyewe, na hii ilisoma 2.3.

Fundi saa wa sokoni anazo. Alitaka kujua saa yenyewe iko wapi ili apime betri inayoifaa, na hakuridhika nilipomwambia saa ina ukubwa wa ndoo na haibebeki. Aliniuzia kwa sharti kwamba nisimrudishie.

Betri mpya imeponya tarehe. Haijaponya kuwaka. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakibadilisha betri ya sarafu kila mashine inapogoma. Mashine nyingi huwaka hata betri hiyo ikiwa imekufa. Zinachopoteza ni kumbukumbu ya saa na mipangilio.

Mchana nilimpigia fundi mmoja wa mjini Kahama. Kabla sijamaliza kueleza, alisema madabodi imekufa, nilete laki tatu aniwekee nyingine. Nilimuuliza amejuaje bila kupima. Akasema ni uzoefu. Sikumjibu vibaya, lakini naiandika hapa kwa uchungu: laki tatu ni fedha ya kumpeleka mtoto bwenini, na imeombwa kwa kubahatisha. Wanaotozwa hivi ni watu wa vijijini ambao hawana mita wala mtu wa kuwaambia kwamba kompyuta hupimwa kama mgonjwa wa malaria, damu kwanza na dawa baadaye. Madabodi inayofanya kazi kuanzia saa nne mpaka usiku haijafa.

Ijumaa

Leo nimeupata ugonjwa.

Niliamka saa kumi na moja ili niikute mashine ikiwa baridi kabisa. Kipupwe cha Juni huku kwetu si mchezo. Tuko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na bati la chumba likipoa usiku, kila chuma ndani kinapoa nalo.

Nilichomoa pawa saplai kutoka kwenye madabodi ili niipime peke yake. Kwenye ile plagi yake kubwa yenye matundu 24, kila rangi ina kazi. Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, chungwa ni 3.3, nyeusi ni za kurudishia. Waya wa kijani ndio unaoamrisha kuwaka: ukiunganishwa na mweusi, pawa saplai inaanza kazi. Halafu kuna waya mmoja wa zambarau, na huu ndio ninaotaka kuusemea. Huu hauzimwi. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama umeizima na umelala, waya wa zambarau hubeba volti 5 na kulinda zamu. Unapobonyeza kitufe, umeme wa zambarau ndio unaokusikia na kwenda kuwaamsha wengine.

Nilipima zambarau. Volti 3.9.

Kiwango kinaruhusu kupungua mpaka 4.75, basi. Kwa 3.9 mlinzi anasikia mlango unagongwa lakini hawezi kusimama. Niliunganisha kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi: feni ya pawa saplai ikajizungusha kidogo na kulala. Nikaiacha imechomekwa, nikapima tena na tena nikinywa chai. Zambarau ilipanda pole pole, 4.1, 4.4, 4.6, kadiri chumba na pawa saplai yenyewe vilivyopata joto. Ilipovuka 4.7, nikaunganisha kibanio, feni ikazunguka na haikusimama.

Kwa hiyo shida ni baridi. Ili kuthibitisha hilo nilihitaji joto la haraka, nikaenda saluni ya jirani kuazima draya. Mama wa saluni alikuwa na mteja aliyekwisha kuoshwa nywele, mwalimu wa shule ya msingi. Nilieleza kwamba ni dakika chache tu. Nilichomeka draya kwenye ekstensheni ile ile, na kwa kuwa draya yake ni ya wati 2000, inavuta karibu ampea 9 peke yake, swichi kuu ya jengo ikaruka. Saluni ikazima, mashine ya kopi ikazima, redio ya duka la vocha ikazima katikati ya taarifa ya habari. Tulirudisha umeme, nikahamishia draya kwenye soketi ya ukutani, nikapuliza matundu ya pawa saplai iliyokwisha kupoa tena. Zambarau ilipanda mbele ya macho yangu kama zebaki ndani ya kipimajoto. Nikabonyeza. Ikawaka.

Mwalimu alishuhudia jaribio lote akiwa na taulo kichwani na nusu ya nywele zikiwa mbichi. Aliuliza maswali mazuri kuliko mtu yeyote wiki hii.

Jumamosi

Nimemweleza fundi redio wa sokoni nilichopima. Hakusema neno mpaka nilipomaliza, halafu akasema, "Kapasita," akavuta kiti.

Kapasita za aina hii ni vikopo vidogo vya alumini. Ndani kuna karatasi mbili za alumini zilizokunjwa pamoja, katikati yake karatasi iliyoloweshwa maji ya kemikali. Maji hayo ndiyo yanayoifanya ishike umeme na kuutoa kwa ulaini. Kila mwaka wa joto huyakausha kidogo, na mafundi huhesabu kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua nusu. Chini ya bati letu la Oktoba, ndani ya kasha lenye vumbi na kiota cha panya, nyuzi 10 za ziada ni jambo dogo. Kapasita iliyokauka nusu, ikipata baridi, maji yaliyobaki hupitisha umeme kwa ugumu zaidi. Ikipata joto, hulainika. Inayoumia kwanza mara nyingi ni ya waya wa zambarau, kwa sababu iko kazini mchana na usiku wakati nyingine zinalala.

Dunia nzima iliwahi kuugua hivi. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi, hasa zilizotengenezwa Taiwan, zilitiwa maji yenye kasoro. Zilivimba vichwa, zikapasuka na kuvuja, na kompyuta zilizouzwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani zikafa zikiwa changa. Baadhi ya mitumba iliyofika kwetu ilikuja na kapasita hizo tumboni. Yangu ni ya mwaka 2009, kwa hiyo siilaumu Taiwan. Yangu imezeeka kwa kufanya kazi.

Fundi redio alitaka kufungua pale pale, na alifanya kwanza kitu kilichonifanya nimwamini: alikataa kuingiza kidole. Pawa saplai ikiwa imechomoka ukutani bado kapasita yake kubwa inaweza kushika volti zaidi ya 300, maana kilele cha umeme wa 230 ni kama 325. Alichukua balbu ya zamani ya wati 60 yenye nyaya mbili, akagusisha miguu ya kapasita ile. Balbu ikamweka mara moja na kuzima. Watoto waliokuwa wamezunguka meza wakarudi nyuma wenyewe. Kisha akapima kwa mita, sifuri, ndipo akaweka mkono.

Kapasita tuliyoitafuta ilikuwa ndogo kama pipi, imevimba kidogo kichwani: mikrofaradi 1000, volti 10. Fundi alikuwa na nyingine ya kuchomoa kwenye televisheni mbovu. Nilimwomba tusifanye hivyo. Kapasita ya televisheni mbovu imekula joto la televisheni miaka yake yote, tungekuwa tunampa mgonjwa damu ya mgonjwa. Akakubali, ingawa aliniambia, "Dada wa kompyuta, wewe ungekuwa mke wa fundi angeacha kazi."

Tumeagiza mpya kutoka Kariakoo, ya mikrofaradi 1000, volti 16, ya kustahimili nyuzi 105. Volti zikizidi za zamani si neno. Zikipungua ndiyo hatari. Itakuja na basi. Fundi amefunga pawa saplai na kapasita yake ile ile ili niendelee na kazi.

Jumatatu

Mama wa saluni amenikodisha draya kila alfajiri, kabla hajafungua. Malipo ni kumchapia orodha ya bei za mitindo ya nywele. Orodha imechapwa na kubandikwa. Fomu zimetoka kuanzia saa mbili kamili.

Jumanne

Kifurushi kimefika Kahama kwa basi, na kijana wa bodaboda amekileta. Ndani kuna kapasita ya mikrofaradi 100. Sifuri moja imebaki Kariakoo.

Nimepiga simu. Muuzaji ameomba radhi, ametuma tena.

Jumatano

Leo saluni imefungwa, mama ana msiba Ukune. Draya iko ndani na ufunguo uko naye.

Nikatumia jua. Nilifungua pawa saplai kutoka kwenye sipiyu, bila kuondoa kifuniko chake, nikaiweka juu ya mkeka mbele ya duka, mahali jua la saa mbili linapofika kwanza. Upande wa kushoto wa mkeka kulikuwa na mahindi ya jirani yanayokauka. Kuku wake alimaliza mahindi ya pembeni, akatafuta mahali pa joto, akapanda juu ya pawa saplai na kutulia. Nilimwacha kidogo. Joto la kuku ni nyuzi 41 na halikuwa na madhara yoyote kwa chuma.

Mwalimu mstaafu aliyekuja kuchapiwa barua ya kiinua mgongo akatukuta hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwaanika nini?"

Nilimweleza. Akakaa kwenye benchi akatusimulia, mimi na kijana wa vocha, kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa sababu zilikuwa zinakula fedha na kazi haionekani. Miaka iliyofuata, alisema, mtu wa kawaida aliyeitaka kompyuta aliihesabu kama ndege. Alisema haya akiitazama pawa saplai juani na kuku juu yake, akaniambia niitunze. Nilimwambia ninaitunza.

Saa tatu kasoro nilimwondoa kuku, nikaifunga. Iliwaka. Barua ya Mwalimu ilitoka safi, nikairudia mara mbili ili jina lake lisikatike pembeni.

Alhamisi

Kapasita sahihi imefika. Fundi redio amerudia balbu yake, amepima sifuri, ameyeyusha risasi, ameitoa ya zamani na kuweka mpya. Alinionyesha ule mstari mweupe pembeni mwa kapasita, upande wa hasi. Ukiugeuza, kapasita hupasuka kama fataki siku hiyo hiyo. Ameuelekeza inavyopaswa, akaniita nithibitishe, nikathibitisha.

Tulipima ya zamani kwa mita yake inayosoma mikrofaradi. Inapaswa kuwa 1000. Ilisoma 212.

Zambarau sasa inasoma 5.08. Gharama yote, pamoja na nauli za basi, bodaboda na kazi ya fundi, haikufika hata sehemu ya kumi ya laki tatu. Nimempigia yule fundi wa Kahama, bila ugomvi, nikamweleza tulichokuta na namna ya kukipima. Alisikiliza. Aliuliza rangi ya waya mara mbili, na nadhani aliandika.

Ijumaa

Alfajiri ya leo ilikuwa na baridi kuliko zote za wiki hii. Maji ya ndoo yaliuma mikono. Sipiyu imewaka mara ya kwanza nilipobonyeza. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alikuwa wa kwanza kuingia na daftari la malipo ya wakulima wa tumbaku, akataka lichapwe kabla ya soko. Halafu wazazi. Yule baba wa Ulowa amerudi na binti yake, anataka kopi za cheti cha kuzaliwa. Binti anakwenda kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Nilimwonyesha kapasita ya zamani. Aliigeuza akasoma namba zake zote kwa sauti, akauliza 105 ni nini kwenye ile mpya. Nikamweleza mpaka baba yake akakohoa kwa ajili ya bodaboda iliyokuwa ikisubiri.

Jumamosi

Yule mwalimu wa nywele mbichi amewaambia wenzake wa sekondari ya jirani. Wana chumba cha kompyuta chenye mashine ambazo hazijawaka tangu muhula uliopita, na wameambiwa na mtu kwamba zote ni madabodi. Nimekwenda na mita, betri yake mpya ya mraba, kibanio cha karatasi na ufutio. Wanafunzi wa kidato cha pili walisimama madirishani.

Mashine ya kwanza nilipima zambarau: 3.2. Nikaandika kwenye karatasi, kapasita, nikaibandika juu ya kasha. Mashine ya pili nilitegemea hivyo hivyo, na wanafunzi wawili walishaanza kuandika kapasita kabla sijapima. Ikasoma 5.02, thabiti, haipandi wala haishuki. Nikawaomba wafute. Huu ni ugonjwa mwingine. Nimemwomba mmoja wao alete bisibisi, tumechomoa nyaya mbili nyembamba za kitufe, na kazi imeanzia hapo.